Kilemba cha Fundi na Kilemba cha Ukoka

Wahenga walinena kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii hufundishwa katika shule nyingi kama onyo dhidi ya sifa: mfanyakazi akisifiwa hulewa sifa, kisha akaiharibu kazi. Mwanafunzi huinakili maana hiyo daftarini, akaijibia mtihani na kupata alama zake. Ni nadra, hata hivyo, methali yenyewe kutazamwa kutoka juu ya mnazi, aliko mgema. Mgema hupanda asubuhi na jioni, akakata ncha ya karara, akaning'iniza kibuyu chake na kuteremka. Mnazi hutoa kiasi chake, wala hauzidishi utomvu kwa kuwa mwenyewe amesifiwa. Sifa zikienea kijijini, wanywaji huongezeka. Aliyekuwa akiulizwa vibuyu viwili sasa huulizwa vinne, na miongoni mwa wanaouliza hakuna aliyewahi kuinua macho aone mnazi ule una makarara mangapi. Maji ndiyo jawabu la hesabu hiyo.

Yamkini, basi, methali hii inamsema mnunuzi kama inavyomsema mgema. Suala la namna ya kumtia mfanyakazi ari ili afanye kazi kwa uwezo wake wote limewashughulisha wataalamu wa usimamizi kwa zaidi ya karne moja, na vitabu vilivyoandikwa kulihusu ni vingi mno. Hata hivyo, suala hilo halikai vitabuni tu. Katika mji wa Eldoret liliwahi kukaa kwa majuma sita ndani ya duka moja la ushonaji, likamtoa jasho mwenye duka na nusura limpokonye fundi wake bora.

Duka hilo lilifunguliwa mwaka wa 2003, mwaka ambao serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa elimu ya msingi bila malipo. Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ilipanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi takriban milioni 7.2. Karo iliondolewa ila sare haikuondolewa. Mzazi alibakia na jukumu la kumnunulia mwanawe shati, kaptura au rinda. Mwenye duka alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyekwisha kustaafu. Kiinua mgongo chake kilinunua vyerehani vinne na meza moja ya kukatia vitambaa. Wateja na wafanyakazi wote walimwita Mwalimu, naye aliitikia jina hilo kama alivyoliitikia darasani kwa zaidi ya miaka thelathini.

Fundi wa kwanza kuajiriwa alikuwa mzee mmoja aliyetoka katika kiwanda cha nguo. Katika miaka ya 1990, soko la nchi lilipofunguliwa, mitumba ilimiminika kwa wingi na viwanda kadhaa vya nguo vikadhoofika au vikafunga milango. Kiwanda alichofanyia kazi mzee huyo kilikuwa miongoni mwa vilivyofungwa. Alitoka humo na vitu viwili: mkasi wake, na cheti kilichotiwa katika fremu, kilichomtaja kuwa mfanyakazi bora wa mwaka. Kiinua mgongo alichokuwa akikidai hakukipata. Cheti hicho hakukitundika popote.

Baada yake waliajiriwa wanawake wawili, na baadaye kijana mmoja mwenye mikono myepesi aliyekuwa amefuzu katika chuo cha ufundi. Wote wanne walilipwa mshahara kila mwisho wa mwezi. Kwa miaka kumi na zaidi duka lilikwenda mwendo wa polepole usio na madeni makubwa wala faida kubwa.

Mwishoni mwa mwaka wa 2014 Mwalimu alipata agizo ambalo hakuwahi kupata mfano wake. Shule mbili zilimtaka ashone mashati 600 na marinda 300 kabla ya muhula wa kwanza kuanza Januari, juu ya kazi ya wateja wa kila siku. Mafundi wake wanne kwa jumla walishona mashati 24 kwa siku. Alipofanya hesabu aligundua kuwa muda ungetosha kwa shida, na tena iwapo hakuna atakayeugua wala umeme kupotea. Hapo ndipo alipomwita mpwa wake, kijana aliyekuwa amehitimu shahada ya biashara, ili amshauri.

Mpwa alikaa dukani siku nzima akitazama. Jioni alitoa kauli yake.

"Shangazi, watu hawa unawalipa wakae. Huwalipi washone."

Alipendekeza mambo mawili. Kwanza, mshahara usimamishwe kwa msimu huo na kila fundi alipwe kwa idadi ya nguo anazomaliza. Pili, uwekwe ubao ukutani wenye majina ya mafundi wote, na mbele ya kila jina iandikwe idadi ya nguo za siku hiyo. Kila Jumamosi fundi anayeongoza apewe unga, sukari na mafuta ya kupikia, na picha yake ibandikwe juu ya ubao chini ya maneno "Fundi Bora wa Wiki".

Ili kuupa ushauri wake nguvu, mpwa alitoa mfano wa Henry Ford. Tarehe 5 Januari 1914, kampuni ya Ford kule Marekani ilitangaza kuwa ingewalipa wafanyakazi wake dola 5 kwa siku ya saa 8, ilhali awali walikuwa wakilipwa takriban dola 2.34 kwa siku ya saa 9. Watu walifurika langoni mwa kiwanda, na uzalishaji ukapanda. "Pesa, Shangazi," mpwa alisisitiza. "Pesa ndiyo inayosukuma mkono."

Mfano huo ni wa kweli, lakini mpwa aliusimulia nusu. Kabla ya tangazo hilo, Ford alikuwa na tatizo la watu kuondoka. Katika mwaka wa 1913 kampuni ililazimika kuajiri watu zaidi ya 52,000 ili kudumisha wafanyakazi wapatao 14,000 tu. Watu waliokuwa mafundi wenye kuijua gari nzima waligeuzwa kuwa wakazaji wa parafujo moja kutwa nzima, wakachoka, wakaenda zao. Dola 5 zilikuwa bei ya kuwafanya wabaki. Aidha, takriban nusu ya fedha hizo ilitolewa kwa masharti: kampuni iliunda idara maalumu iliyotuma wakaguzi hadi majumbani mwa wafanyakazi kuchunguza iwapo wanakunywa pombe, wanaweka akiba na kuishi kwa namna iliyoipendeza kampuni. Kwa hivyo hata Ford hakuwahi kuiachia pesa peke yake kazi ya kuusukuma mkono.

Mwalimu hakuyajua hayo. Aliukubali ushauri, na ubao ukatundikwa.

Majuma mawili ya mwanzo yalikuwa ya furaha. Idadi ilipanda kutoka mashati 24 hadi 38 kwa siku. Kijana peke yake alifikisha mashati 13, na picha yake ikabandikwa mara mbili mfululizo. Wanawake wawili walipunguza mazungumzo, wakala chakula cha mchana wakiwa wameketi penye vyerehani. Jina la mzee lilikaa chini kabisa: 6, 6, 5, 6. Hakulalamika. Kila jioni alifagia nyuzi zilizoanguka chini ya meza yake, akafunika cherehani kwa kitambaa, akaaga.

Katika juma la tatu mama mmoja aliingia na shati mkononi. Alikuwa amelifua ili kuliondolea ugumu wa kitambaa kipya, na lilipofuliwa lilifumuka kwapani, kabla hata mtoto hajalivaa. Mwalimu aliomba radhi akampa jingine. Kesho yake waliingia wazazi wawili wengine. Kufikia Alhamisi mashati yaliyorudishwa yalikuwa 11.

Usiku huo Mwalimu alibaki dukani peke yake, akawasha taa ya mezani na kuanza kuyakagua mashati yaliyokuwa tayari kupelekwa shuleni. Kwa mbali yote yalionekana mazuri, yamepigwa pasi na kukunjwa vyema. Kwa karibu hali ilikuwa nyingine. Mishono ilikuwa imetanuliwa, kwa kuwa cherehani ikitegwa kupiga hatua ndefu humaliza upindo upesi zaidi. Kwapa zilishonwa mara moja badala ya mara mbili. Nyuzi hazikurudishwa nyuma mwishoni mwa mshono ili kuufunga. Vifungo vilishikizwa kwa uzi uliopita mara mbili tatu tu. Hakuna fundi aliyekuwa ameiba kitambaa, wala aliyekuwa amekosa kufika kazini, wala aliyekuwa mvivu. Kinyume chake, hawakuwahi kufanya kazi kwa bidii kama majuma yale. Walikuwa wamefanya hasa kile walicholipwa kukifanya. Ubao uliuliza idadi, nao wakaujibu kwa idadi. Tembo lilikuwa limetiwa maji, na maji yenyewe yaliagizwa na mwenye duka.

Jambo hili si geni kwa Mkenya yeyote aliyewahi kupanda matatu. Dereva na utingo wanaodaiwa hesabu ya siku, ambao riziki yao ni kile kinachobaki baada ya hesabu hiyo, hawaendeshi gari kwa kasi kwa sababu wanaichukia roho ya abiria. Kanuni zilizoanza kutumika Februari 2004, zinazokumbukwa kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, marehemu John Michuki, zilileta mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo. Ndani ya kanuni hizo hizo mlikuwamo sharti la kuwataka wenye magari kuwaajiri madereva na makondakta kwa ajira ya kudumu. Waliotunga sharti hilo walitambua kuwa mwendo wa gari huanzia katika namna dereva anavyolipwa. Mikanda na vidhibiti mwendo vilionekana barabarani kwa haraka. Sharti la ajira, ambalo halionekani kwa macho, lilikuwa gumu zaidi kutekelezwa, na hesabu ya siku bado inadaiwa katika njia nyingi.

Ijumaa jioni Mwalimu aliona jambo lililomshtua kuliko mashati. Mzee alikuwa akiufunga mkasi wake ndani ya gazeti. Kwa miaka yote aliyofanya kazi pale, mkasi huo ulilala chini ya cherehani yake. Fundi anayeubeba mkasi wake nyumbani hana nia ya kurudi.

"Mzee, mkasi unakwenda wapi?"

"Unakwenda nyumbani, Mwalimu. Ubao umeshasema."

"Ubao haujui kushona."

"Haujui. Lakini ndio unaosomwa."

Mwalimu alikosa la kujibu. Angeweza kumwahidi nyongeza ya pesa, na pengine mzee angeikubali, maana msimu ulikuwa umempunguzia kipato hadi chini ya mshahara wake wa kawaida. Angeweza kumsifu mbele ya wenzake. Lakini alikumbuka kuwa alikuwa amekwisha kumwona mtu mwingine akisifiwa juu ya ubao ule ule, kwa mashati yanayofumuka. Alimwomba jambo moja tu: arudi kesho yake amwonyeshe jinsi shati linavyoshonwa, tangu mwanzo hadi mwisho. Katika miaka yote ya kumiliki duka hakuwahi kuketi kando ya cherehani hata siku moja. Alijua bei ya kitambaa, bei ya uzi na bei ya shati. Kilichokuwa katikati ya bei hizo hakukijua.

Mzee alirudi Jumamosi. Alishona taratibu, akieleza machache. Alipofika kwapani alishona mara moja, akaligeuza shati, akashona tena kando ya mshono wa kwanza. Mwalimu aliuliza kwa nini anatumia muda mwingi mahali ambapo hakuna atakayepaona.

"Mwalimu, wewe umekaa na watoto kuniliko mimi," mzee alijibu. "Mtoto akiwa darasani huinua mkono. Shati hupasuka hapo. Mtoto aliyepasukiwa na shati kwapani hainui mkono tena, hata akiwa na jibu."

Mwalimu alinyamaza kwa muda mrefu. Katika miaka yake ya ualimu aliwaona watoto wengi walioweka mikono juu ya dawati wakitazama chini, na akawaandika katika ripoti zao kuwa hawashiriki darasani.

Lugha ya Kiswahili ina hazina kubwa ya maneno kuhusu malipo ya kazi, na kila neno limebeba ndani yake namna fulani ya kumtazama mfanyakazi. Mshahara, neno lenye asili ya Kiarabu, limetokana na mwezi. Humtazama mfanyakazi kwa jicho la kalenda. Kibarua limetokana na barua, yaani karatasi ndogo au kadi iliyotumiwa kuhesabia siku za kazi, na baadaye jina la karatasi likahamia kwa mtu mwenyewe aliyeibeba. Ni jambo la kutafakariwa kwamba lugha ilikubali kumwita binadamu kwa jina la kadi yake. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka wa 2007 inajaribu kulirekebisha hilo kwa kiasi fulani, kwa kuelekeza kuwa kibarua anayefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja au zaidi aanze kuhesabiwa kama mwajiriwa wa mshahara. Kiinua mgongo, kwa upande wake, kinaitazama mwili wa mfanyakazi: kinakiri kuwa kazi iliuinamisha mgongo huo na kwamba aliyefaidika ana deni la kuunyanyua.

Kisha kuna kilemba. Katika desturi za Waswahili, fundi aliyemaliza kazi yake, au mwalimu aliyemfuzisha mwanafunzi, alipewa kilemba juu ya ujira waliopatana. Kilemba kilitolewa kazi ikiwa imekwisha kuonekana. Aliyekitoa alikuwa ameuzunguka mlango, akaupapasa ubao, akautazama nakshi wake, ndipo akasema kuwa fundi anastahili kuvikwa. Lugha hiyo hiyo ikaunda nahau ya kinyume: kumvika mtu kilemba cha ukoka, yaani kumpa sifa zisizo zake, sifa za nyasi zinazonyauka kabla ya jua kutua. Kwa mbali vilemba hivi viwili hufanana. Anayevikwa ndiye hujua mara moja kilicho juu ya kichwa chake.

Cheti alichotoka nacho mzee kiwandani kilikuwa kilemba cha ukoka, kwa kuwa waliokitoa hawakuiona haki yake ilipofika siku ya kulipwa. Picha ya kijana juu ya ubao nayo ilikuwa ya ukoka, ingawa kijana mwenyewe hakuwa na kosa. Hakuna aliyekuwa amelifungua hata shati moja aliloshona. Mtindo wa kumtangaza mfanyakazi bora umeenea sana katika mashirika na maduka siku hizi, na si kwamba hauna maana. Huanza kukosa maana pale anayetangaza anapokuwa hajui kazi anayoitangaza.

Ushahidi kutoka kwingineko unaelekea upande huo huo. Kuanzia mwaka wa 1924, katika kiwanda cha Hawthorne cha kampuni ya Western Electric karibu na Chicago, watafiti walijaribu kubaini iwapo mwanga zaidi ungeongeza kazi. Katika baadhi ya majaribio kazi iliongezeka mwanga ulipoongezwa, na iliongezeka pia ulipopunguzwa. Kuanzia mwaka wa 1927 kikundi kidogo cha wanawake wanaounganisha vifaa vya simu kiliwekwa katika chumba cha pekee, kikabadilishiwa saa za mapumziko na za kazi, na maoni yao yakasikilizwa. Uzalishaji wao ulipanda. Wataalamu wa baadaye wametilia shaka baadhi ya hitimisho la utafiti huo, na haifai kulichukua kila neno lake kama msahafu. Malipo ya wanawake hao, kwa mfano, nayo yalikuwa yamebadilishwa. Hata hivyo, jambo moja linabaki: kiwandani humo, mtu aliketi kando ya mfanyakazi kwa muda mrefu, akamtazama na kumwuliza.

Hapa pana hatari ya kuteleza. Mwajiri bahili anaweza kuyasoma haya akafurahi, akadhani kuwa kumsikiliza mfanyakazi ni njia rahisi ya kukwepa kumlipa. Fasihi ya Kiswahili imekwisha kumjibu mwajiri huyo. Katika riwaya ya Kuli ya Shafi Adam Shafi, makuli wa bandari ya Zanzibar wanagoma, na mgomo huo una mizizi katika mgomo wa kweli wa mwaka wa 1948. Katika tamthilia ya Kilio cha Haki ya Alamin Mazrui, wafanyakazi wa shamba la mlowezi wanaongozwa na mwanamke, Lanina, kudai haki zao. Katika Mstahiki Meya ya Timothy Arege, wafanyakazi wa baraza la mji wanagoma huku kiongozi wao akijishughulisha na fahari yake mwenyewe. Wahusika hao hawadai kupigwa makofi. Wanadai ujira unaotosha, na ndani ya dai hilo wanadai pia kuonekana kuwa watu. Mkono mtupu haulambwi, na sikio lililo tayari kusikia likiambatana na mkono uliofumbwa ni ukoka wa aina nyingine.

Jumatatu iliyofuata Mwalimu aliuteremsha ubao. Aliwaita mafundi wote wanne, akaweka mezani mashati 11 yaliyorudishwa pamoja na lile alilolishona mzee, na akawaambia kuwa kosa lilikuwa lake. Alirejesha mshahara, akaahidi kuwa faida ya agizo lile ingetengwa fungu la mafundi na kugawanywa sawa baada ya shule kuyapokea mashati na kuridhika nayo. Kila fundi alipewa uzi wa rangi yake wa kutia alama ndogo ndani ya kola, ili nguo ijulikane imetoka mkononi mwa nani. Shati likirudi, lingerekebishwa na aliyelishona, ndani ya saa za kazi na bila kukatwa pesa. Mwisho, alienda yeye mwenyewe kwa walimu wakuu wa shule zote mbili kuomba wiki moja zaidi. Shule moja ilikubali. Nyingine ilipunguza agizo lake kwa mashati 100, na hasara hiyo Mwalimu aliibeba.

Mzee aliurudisha mkasi wake chini ya cherehani. Idadi ya mashati ilishuka hadi 28 kwa siku, nne zaidi ya ilivyokuwa kabla ya ubao, na ikakaa hapo. Msimu huo ulipokwisha yalikuwa yamerudishwa mashati 2 tu baada ya ubao kuondolewa, na moja kati ya hayo lilikuwa la mzee. Alicheka alipoiona alama yake, akalirekebisha. Fungu la mafundi liligawanywa mwezi wa Februari.

Yangeishia hapo, kisa hiki kingefaa kusomwa katika semina za biashara. Lakini siku kumi baada ya ubao kuteremshwa kijana aliacha kazi. Hakugombana na mtu. Alimshukuru Mwalimu, akachukua ujira wake na kwenda. Ni baadaye sana ambapo mmoja wa wale wanawake wawili alimweleza Mwalimu kuwa kijana huyo alikuwa amepata mtoto Novemba ile, na kodi ya nyumba ilikuwa imemlemea kwa miezi mitatu. Malipo ya kwa kila nguo yalikuwa yameanza kumtoa katika deni. Alikuwa na uwezo wa kushona vizuri na kwa haraka, lau angeonyeshwa ni wapi haraka ifae na ni wapi isifae. Mwalimu aliketi kando ya cherehani ya mzee kutwa nzima. Kando ya cherehani ya kijana hakuketi hata kwa dakika moja. Aliyahesabu mashati yake yalipokuwa mengi, na akayakagua yalipofumuka.

Mwalimu hajawahi kulieleza jambo hilo bila kushusha sauti. Aliponena kuwa ubao haujui kushona alikuwa amesema kweli, lakini aliendelea kumsoma kijana kwa macho ya ubao huo hata baada ya kuuondoa ukutani. Pengine hapo ndipo ugumu wa suala hili ulipo. Mafundi wanne walio chini ya paa moja hawasukumwi na jambo moja. Mmoja anataka kazi yake itazamwe kabla ya kusifiwa, mwingine anataka kodi ya nyumba, mwingine anataka kuondoka saa kumi jioni ili amwahi mgonjwa nyumbani. Mwajiri anayetafuta dawa moja ya kuwaponya wote ataipata, na itamfaa mmoja wao.

Mzee alistaafu mwaka wa 2019 na kurudi kijijini kwao. Siku ya kuagana Mwalimu alimpa cherehani aliyoitumia kwa miaka yote hiyo, pamoja na kiasi cha fedha alichokuwa akikitenga kidogo kidogo tangu msimu ule, akamwambia kuwa hicho ni kiinua mgongo chake. Mzee alipokea kwa mikono miwili. Aliomba pia ule utepe wa zamani wa kupimia, uliokuwa umefutika namba upande mmoja.

Kijana ana kibanda chake karibu na soko, na hushona usiku hadi saa tatu. Wakikutana njiani humwamkia Mwalimu kwa heshima. Duka la sare lipo bado. Ubao umerudishwa ukutani, nao huandikwa vipimo vya watoto. Kila Novemba, kabla ya kukubali agizo lolote kubwa, Mwalimu huchukua kigoda chake na kuketi nusu siku kando ya kila cherehani, akianza na ya fundi aliyeajiriwa mwisho.